Kumpenda James Stewart bila kumgeuza malaika

Kwa miaka ipatayo kumi na minane sasa nimekuwa shabiki wa James Stewart, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa nyota wakubwa wa Hollywood kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960, na aliyefariki dunia tarehe 2 Julai 1997. Katika miaka hiyo, ile mitano au sita ya mwanzo ninaihesabu kuwa ya hasara, kwa sababu nilimpenda vibaya. Makala hii ninamwandikia mtu ambaye ameiona filamu yake moja, akahisi kwamba yule bwana mrefu, mwembamba, anayekokota maneno kana kwamba anayatafuta mfukoni, amekuwa ndugu yake, na sasa anataka kuyafuata mapenzi hayo asijue aanzie wapi.

Mimi nilianzia pale wanapoanzia wengi, yaani kwenye It's a Wonderful Life ya mwaka 1946. Nilikuwa mwanafunzi Pittsburgh, ni Desemba, theluji imefunga njia, na familia iliyonipangisha chumba iliniita sebuleni nitazame nao. Kwa asiyeijua, ni hadithi ya George Bailey, kijana wa mji mdogo mwenye ndoto ya kusafiri na kujenga madaraja, ambaye kila anapofunga mizigo yake jambo huzuka la kumrudisha: baba anafariki, chama cha mikopo ya nyumba kinahitaji msimamizi, mdogo wake anaoa na kushika njia yake. Siku moja kabla ya Krismasi dola 8,000 za chama zinapotea, naye anasimama darajani akitaka kujirusha, ndipo malaika anapotumwa kumwonyesha jinsi ulimwengu ungekuwa kama hangezaliwa. Nami nilikuwa nimeacha masomo mara mbili ili ada ya wadogo zangu ipatikane, na nilikuwa sijapata kumwambia mtu yeyote jinsi jambo hilo lilivyoniuma. Nililia mbele ya watu ambao nilikuwa nimewafahamu kwa miezi minne tu.

Kuanzia usiku ule nikampenda George Bailey, nikamwita James Stewart. Kosa langu lote lilikuwa hapo. Nikaanza kutafuta filamu zile tu ambazo zingenirudishia mtu yule yule: The Shop Around the Corner ya mwaka 1940, ambamo ni karani wa duka Budapest anayempenda kwa barua mwanamke wasiyeelewana dukani, Mr. Smith Goes to Washington ya mwaka 1939, ambamo ni seneta kijana anayesimama Seneti akizungumza mchana na usiku mpaka sauti inakauka. Na Harvey ya mwaka 1950, ambamo ni muungwana anayetembea na sungura mkubwa asiyeonekana na wengine. Zote ni filamu nzuri sana. Lakini nilipoiweka Vertigo ya mwaka 1958, nikamwona mtu huyo huyo akimlazimisha mwanamke abadili rangi ya nywele, avae suti ya kijivu, abane nywele kwa namna fulani, mpaka afanane na marehemu, niliizima kabla haijaisha. Nilihisi nimesalitiwa, na kwa karibu miaka mitano sikuigusa tena.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukishaipata filamu ya mwigizaji iliyokugusa moyo, inayofuata iwe ile unayohofia kwamba itakuudhi. Usisubiri kama nilivyosubiri mimi. Kwa Stewart, ninapendekeza utoke It's a Wonderful Life uende moja kwa moja kwenye filamu za kauboi alizotengeneza na mwongozaji Anthony Mann, uanze na Winchester '73 ya mwaka 1950. Kuna mahali ndani ya baa ambapo anamkamata mkono mhalifu anayetabasamu, anaupinda, anamgandamiza uso juu ya kaunta, na kwa sekunde chache uso wa Stewart mwenyewe unabadilika kuwa wa mtu anayeweza kuua na kufurahia. Miaka mitatu baadaye, katika The Naked Spur, yeye ni mtu anayewinda mhalifu kwa ajili ya zawadi, anayeburuta maiti ili akalipwe, anabishana huku akilia, mpaka nguvu za ukali wake zinamwishia. Wema unaouona katika filamu za kabla ya vita umo humu pia, ila sasa umekaa pembeni ya hasira, na huna uhakika ni upi utakaoshinda.

Ninasema kabla ya vita kwa sababu huwezi kumwelewa mwigizaji huyu bila kujua alikokuwa kati ya mwaka 1941 na 1945. Mwezi Februari 1941 alipokea Oscar kwa The Philadelphia Story, na mwezi uliofuata akaingia jeshini kama askari wa kawaida, mwanamume wa miaka thelathini na miwili ambaye tayari alikuwa rubani wa kiraia. Aliruka kutoka Uingereza na ndege za kudondosha mabomu aina ya B-24, akashiriki rasmi mashambulizi 20 juu ya Ulaya, mara nyingi akiwa kiongozi wa kundi zima, na alimaliza vita akiwa kanali. Filamu ya kwanza aliyocheza aliporudi ilikuwa ni ile ile iliyoniliza Pittsburgh. Nilipolijua hilo niliitazama upya, nikakuta mambo ambayo mara ya kwanza yalinipita kabisa. George Bailey anamfokea mwalimu wa mtoto wake kwenye simu. Anaupiga teke na kuuvunja mfano wa daraja aliokuwa ameujenga sebuleni, watoto wake wakimtazama kwa hofu. Anamkaba mjomba wake mzee kwa ajili ya fedha zilizopotea. Hasira ya filamu za kauboi ilikuwemo tangu mwanzo, na mimi, kwa kutaka mno kupata mfariji, nilikuwa nimeiruka. Baada ya hapo ndipo nilipoweza kuimaliza Vertigo, nikaelewa kwa nini mwaka 2012 wahakiki walioulizwa na jarida la Uingereza la Sight and Sound waliiweka juu ya filamu nyingine zote. Bado hainifurahishi, lakini sidhani kama kuna mwigizaji mwingine wa enzi yake ambaye angekubali kuonekana hivyo.

Jambo la pili ni namna ya kutazama. Filamu unayoipenda itazame angalau mara moja ukiwa umezima sauti. Rear Window ya mwaka 1954 inafaa kuliko zote kwa zoezi hili, kwa sababu Stewart amekaa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta mpaka nyonga, na amebaki na uso, mikono na lenzi ya kamera tu. Utaona anavyopokea kila kitu kinachotokea madirisha ya ng'ambo: anavyoinamisha kichwa kidogo, anavyochelewa kupepesa macho, anavyokuna mguu ndani ya plasta kwa fimbo. Kisha rudia ukiwa umefumba macho, usikilize. Wengi wanaigiza kigugumizi chake na kudhani wamempata. Hawajui kwamba kigugumizi kile kina kipimo. Hukwama pale ambapo mhusika amefikia neno ambalo lingemfichua, na hutiririka bila kikwazo anapokuwa na hasira. Katika Mr. Smith ule ukavu wa sauti haukuwa wa kujifanya peke yake: daktari alimpaka dawa yenye zebaki kooni ili isikike kama ya mtu aliyezungumza saa nyingi. Huo ndio umakini wa mtu aliyeichukua kazi yake kama fundi anavyoichukua randa.

Kuhusu maisha yake nitasema machache. Soma, lakini usisome kwa ajili ya kukusanya sifa. Stewart alikuwa mhafidhina katika siasa, mfuasi thabiti wa chama cha Republican, na rafiki yake wa maisha, Henry Fonda, aliyeishi naye chumba kimoja New York walipokuwa hawana kitu, alikuwa wa upande wa pili kabisa. Waligombana vibaya juu ya hayo miaka ya 1940, wakakubaliana wasiyazungumze tena, na wakaendelea kutengeneza pamoja ndege ndogo za mfano. Mimi binafsi sikubaliani na misimamo yake mingi, hasa uungaji mkono wake wa vita vya Vietnam, vita ambavyo vilimchukua Ronald, mtoto wa mkewe aliyemlea kama wake, mwezi Juni 1969. Nimeacha kulazimisha maoni yake yafanane na yangu ili nipate ruhusa ya kumpenda. Shabiki anayemtetea mwigizaji wake kwa kila jambo hana tena nafasi ya kumtazama.

Sasa suala la fedha, ambalo limewaumiza mashabiki wengi. Mwaka wa pili wa mapenzi yangu nilinunua mtandaoni picha yenye sahihi yake pamoja na mchoro mdogo wa yule sungura Harvey. Ni kweli kwamba Stewart alipenda kuwachorea watu sungura huyo, na ndiyo sababu michoro hiyo hughushiwa. Muuzaji alikuwa na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Nililipa akiba ya miezi mitatu. Baadaye rafiki anayefanya kazi ya uchapishaji aliiweka picha chini ya lenzi akanionyesha vitone vya mashine mahali ambapo wino wa kalamu ungekuwa mstari mzima. Kwa hiyo, usinunue sahihi mpaka umeiangalia, au umeangaliziwa, kwa lenzi ya kukuza. Usiamini cheti kilichotolewa na yule yule anayeuza. Na kama huna uwezo wa kupoteza fedha hizo bila kulia, ziweke kwenye nakala nzuri za filamu zenyewe.

Au zitumie kwa nauli. Alizaliwa tarehe 20 Mei 1908 katika mji unaoitwa Indiana, ambao uko ndani ya jimbo la Pennsylvania, na mashabiki wasiojua hilo hujikuta wakitafuta njia ya jimbo lingine kabisa. Jumba la makumbusho lake liko ghorofa ya tatu ya jengo la maktaba ya mji, lilifunguliwa mwaka 1995, na ni dogo kuliko unavyolitarajia. Nje ya mahakama ya wilaya kuna sanamu yake, iliyozinduliwa siku alipotimiza miaka 75, mwenyewe akiwepo. Baba yake, Alexander, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mtaani hapo, na mwana aliposhinda Oscar, tuzo ililetwa nyumbani ikawekwa dukani, watu wakawa wanaiona wanapokuja kununua misumari na kamba. Nenda siku ya kazi, asubuhi, wakati hakuna watu wengi. Nilipokwenda mimi, mama mmoja mzee aliyekuwa zamu aliniuliza natokea wapi, na nilipomjibu Tanga tukakaa karibu saa nzima tukizungumza juu ya baba wanaotunza vitu vya watoto wao.

Wasomaji wa kwetu huniuliza kama aliwahi kufika huku. Filamu ya Kijapani iitwayo kwa Kiingereza A Tale of Africa, iliyotoka mwaka 1980, ilipigwa Kenya na yeye yumo, akiwa mzee anayeishi porini na mjukuu wake. Na binti yake Kelly, mtafiti wa wanyama, aliishi na kuchunguza masokwe katika kituo cha Karisoke nchini Rwanda miaka ya 1970. Nilifurahi sana nilipoyajua hayo, lakini sikushauri uianze na filamu hiyo kwa sababu ya ukaribu wa mahali. Iweke mwisho, ukishajua sauti yake ilivyokuwa kabla haijazeeka.

Jambo langu la mwisho ni juu ya nakala. It's a Wonderful Life haikurudisha gharama zake ilipotoka. Umaarufu wake ulikuja baada ya mwaka 1974, haki miliki ilipoachwa iishe bila kuhuishwa na vituo vya televisheni vikawa vinairusha kila Desemba. Baadaye ilitiwa rangi kwa kompyuta, jambo ambalo Stewart alilipinga hadharani kwa nguvu zake zote. Mfuate katika hilo: tafuta ya nyeusi na nyeupe, iliyosafishwa vizuri. Ukifika pale baa, George akiwa amekaa mbele ya glasi akimwomba Mungu kwa sauti ya chini, akisema kwamba yeye si mtu wa kusali, utaona picha inapata chengachenga kidogo uso wake unapokaribia. Machozi yale hayakuwa kwenye mpango. Yalimjia tu, na kamera ilikuwa mbali. Frank Capra, mwongozaji, hakutaka kumwomba ayarudie, kwa hiyo wakaikuza ile ile picha iliyopatikana, fremu baada ya fremu, mpaka uso ukajaa kioo.