Kusoma soko la mbao kila wiki: kwa mnaoanza kazi Ndeeba

Ukiuliza bei ya mbao ya paini Ndeeba, soko la mbao hapa Kampala, Uganda, Jumatatu asubuhi, watu watano watakupa bei tano, na huenda wote wanasema kweli. Mmoja anataja mbao mbichi iliyoshushwa jana kwenye Fuso. Mwingine ana iliyokauka. Wa tatu ameshaweka humo usafiri mpaka saiti, na wa nne anauza kwa mkopo. Ndiyo maana kijana anayeletwa kwangu kujifunza biashara hii namwanzishia daftari na futi ya kupimia. Mambo ya kupatana bei yatakuja baadaye.

Kwenye daftari chagua bidhaa chache usizozibadilisha: paini ya inchi 4×2, 6×2 na 12×1 za futi 14, plaiwudi ya milimita 18, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ya milimita 18. Pita yadi zilezile, siku ileile ya wiki. Andika bei, kisha andika kama mbao ni mbichi au kavu, kama bei ni ya pale yadi au ya kuletewa, ya taslimu au ya mkopo. Bei isiyo na maelezo hayo ifute, itakudanganya mwezi ujao.

Halafu pima. Hapa kwetu mbao huuzwa kwa kipande, na jina la kipande si kipimo chake. Mbao ya 4×2 ya futi 14 ikiwa kamili ina futi za ubao 9.3 (futi moja ya ubao ni futi moja kwa futi moja, unene inchi moja). Sasa weka futi yako kwenye ile unayouziwa. Ukikuta inchi 3½ kwa 1¾, umebaki na futi za ubao 7.1 tu. Karibu robo ya mbao haipo, na bei ya kipande ni ileile. Kwa hiyo yadi "ya bei rahisi" inaweza kuwa ndiyo ghali kuliko zote. Pima katikati na kwenye ncha zote mbili, maana msumeno ulioyumba hutoa ubao mnene huku na mwembamba kule.

Wengi wenu mnafuatilia bei za mbao za Marekani kwenye simu. Fuatilieni, lakini mjue mnachosoma. Bei zile ni za dola kwa futi za ubao 1,000, yaani kama vipande 107 vya 4×2 yetu iliyo kamili, na zinaendeshwa na ujenzi wa nyumba za mbao kule na ushuru kati yao na Kanada. Mei 2021 bei hiyo kwenye soko la ahadi, yaani la mikataba ya mzigo wa miezi ijayo, ilipita dola 1,600, na kufikia Agosti ilikuwa imeshuka chini ya 500. Paini ya Mubende haikupanda wala kushuka namna hiyo. Cha kuiga kwao ni swali moja ambalo watu wa soko lile huliuliza viwanda kila wiki: oda zenu zimejaa mpaka lini?

Swali hilo ndilo ninalolithamini kuliko bei yenyewe. Mpigie mwenye kiwanda cha kupasulia Kiboga au Masindi, umuulize, "Mzee, nikilipa leo, napakia lini?" Akisema "njoo hata kesho", ana mzigo umelala, na hapo una nafasi ya kuongea bei. Akisema "subiri wiki mbili", bei itapanda hata kama leo hajaipandisha. Andika jibu hilo kwenye daftari kila wiki, kando ya bei. Utaona mara nyingi linatangulia.

Mvua nayo ina mambo yake. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, barabara za kuingia mashambani huwa tope na malori yanakwama. Bei inapanda Kampala wakati shambani haijaguswa. Kilichopanda ni usafiri. Msimu huohuo mbao hufika na doa la bluu. Doa hilo ni la ukungu, linaharibu sura na halipunguzi nguvu kwa kiasi cha kutisha, kwa hiyo fundi wa paa anaweza kuzinunua mbao hizo kwa bei ya chini bila hofu. Ila bonyeza kwa ncha ya msumari: ukizama kirahisi, huo ni uozo, achana nao.

Jambo jingine linalopuuzwa ni umri wa mti. Mashamba mengi ya watu binafsi yalipandwa tangu 2004, ulipoanza SPGS, mpango wa ruzuku kwa wapanda miti ya mbao uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, na paini huhitaji kama miaka 18 hadi 20 kukomaa. Sokoni basi utakuta mti uliokomaa ukiuzwa bega kwa bega na ule uliokatwa ukiwa mchanga ili kupunguza msongamano shambani. Angalia kichwa cha ubao. Pete pana na kiini cha mti katikati maana yake ubao utajipinda ukikauka. Usizilinganishe bei zao kana kwamba ni bidhaa moja.

Plaiwudi na MDF ziandikie ukurasa wake. Zinakaa duka moja na mbao lakini soko lake ni jingine. Plaiwudi nyingine hutengenezwa hapahapa, Jinja kwa mfano, lakini shiti nyingi hupitia bandari ya Mombasa, kwa hiyo andika bei ya dola kila wiki. Shilingi ikishuka, bei ya shiti haipandi siku hiyohiyo. Mwenye duka anamaliza kwanza mzigo wa zamani. Ukijua nani bado ana mzigo wa zamani, nunua kwake. Na ile ya milimita 18 ipime pia, nyingine ni 16.

Mwisho, sikiliza mipaka. Kenya ilipozuia ukataji kwenye misitu ya umma Februari 2018, wanunuzi wake walitazama huku, na Julai 2023 Rais Ruto alipotangaza kuondoa zuio, kila mwenye mzigo wa kuvuka mpaka wa Kenya pale Busia na Malaba alilazimika kupiga hesabu upya. Upande wa Sudan Kusini, waulize madereva walioko mpakani Elegu wanasubiri siku ngapi kuvuka. Malori yakirudi na mzigo, mbao hizo zitamwagwa Kampala wiki hiyohiyo. Lakini kabla hujazikimbilia kwa sababu ya bei, omba uone kibali cha kusafirishia na alama ya nyundo ambayo watu wa misitu hugonga kwenye mbao halali. Zikikamatwa njiani, hasara ni yako wewe uliyelipa.