Protini mbili zikitoka pamoja, iondoe RNA kwanza

Wanafunzi wa uzamili wanaoanza kazi ya seli za damu huniuliza swali moja kwa namna nyingi: nitajuaje kwamba protini inayopeleka ishara imegusana kweli na protini inayoshika RNA? Nimeishi na swali hili maabara kwa miaka, na yako mambo ambayo miongozo ya mbinu huyapita haraka mno. Nitayaeleza kwa mfano ninaoupenda kuliko yote, wa TTP.

Makrofaji na monosaiti, zile seli nyeupe zinazomeza vijidudu, zikikutana na LPS kutoka kwenye ukuta wa bakteria huanza kutoa protini ya ishara iitwayo TNF mapema sana. TNF huchochea inflamesheni, yaani uvimbe wa mwili kujikinga. Tunaihitaji, ila ikizidi inaumiza mwili wenyewe. Ndiyo maana seli ina protini iitwayo tristetraprolini, kwa kifupi TTP. Hii hushika RNA mjumbe ya TNF karibu na mwisho wake, mahali palipojaa herufi A na U za RNA, kisha huita kundi la vimeng'enya liitwalo CCR4-NOT. Kundi hilo hukata mkia wa A, na RNA inavunjwa. Mwaka 1996 kundi la Perry Blackshear huko Marekani lilieleza hali ya panya wasio na TTP: wanakonda, viungo vinavimba, lakini wakipewa kingamwili za kuzuia TNF sehemu kubwa ya ugonjwa huo haitokei.

Ishara inaingilia hapo. LPS huamsha kimeng'enya p38, p38 huamsha kimeng'enya kingine, MK2, na MK2 hubandika fosfati, alama ya kemikali, kwenye TTP; kwa panya ni kwenye asidi amino za serini, ya 52 na ya 178. Protini za 14-3-3 hukaa juu ya fosfati hizo, CCR4-NOT haiitwi tena kama awali, RNA ya TNF inaishi muda mrefu zaidi, na TNF inatengenezwa kwa wingi. Ishara ikitulia fosfati huondolewa, TTP inarudi kazini.

Sasa tuje kwenye benchi. Umepasua seli, umenasa TTP kwa kingamwili na shanga za sumaku, na protini nyingine imetoka nayo. Usishangilie. Protini nyingi hushika RNA ileile moja bila kugusana zenyewe, kama abiria wawili walioshuka daladala moja bila kujuana. Gawanya maji ya seli mara mbili. Sehemu moja itie RNase A, kimeng'enya kinachokata RNA, nyingine iache, kisha unase zote. Kama mwenzake TTP anapotea kwenye sehemu yenye RNase, ulichokiona kilikuwa kimeunganishwa na RNA. Akibaki, una sababu ya kuendelea kuamini kwamba zinashikana zenyewe.

Kipimo hiki nacho kina mitego, na ninasisitiza hili kwa sababu nimeona matokeo mazuri yakianguka hapa. Watu wengi huweka kizuizi cha RNase kwenye bafa, yale maji ya kupasulia seli, kwa mazoea, halafu wanaongeza RNase A juu yake na kudhani RNA imeisha. Kitoe kizuizi kwenye sehemu hiyo, na upitishe kiasi kidogo kwenye jeli uone kwa macho kwamba RNA haipo. Pia RNA ikiondoka ghafla, baadhi ya protini huganda na kushuka chini, zikabebwa na shanga bila kuitwa na yeyote. Kwa hiyo kingamwili ya kulinganishia, isiyoshika TTP, iwekwe pia kwenye maji yaliyotiwa RNase, si kwenye yale mengine tu. Ukiweza, tumia na TTP iliyobadilishwa asidi amino moja, sisteini, kwenye kidole chake cha zinki, sehemu inayoshika RNA. Hiyo haishiki RNA kabisa, na jibu lake likikubaliana na la RNase utalala usingizi.

Fosfati nazo hazikusubiri. Seli ikipasuka, fosfatesi zake, vimeng'enya vya kuondoa fosfati, zinaanza kula alama za MK2 papo hapo, na mshikano na 14-3-3 unaachia. Vizuizi vya fosfatesi viwe kwenye bafa kabla bafa haijagusa seli, na kila kitu kiwe baridi. Chukua nyakati kadhaa baada ya LPS, kwa sababu p38 hupanda na kushuka mapema. Sampuli moja ya asubuhi ya pili haitakuonyesha mazungumzo haya.

Ukifika kwenye jeli, TTP haitakaa kama mstari mmoja safi. Kwenye seli zilizopewa LPS inapanda juu ya uzito wake wa kweli na kutanuka kama moshi, kwa ajili ya fosfati nyingi. Tia fosfatesi kwenye sehemu ya sampuli hiyo. Moshi ukishuka na kukusanyika chini, umethibitisha. Na kwa kuwa moshi huo unakaribia pale minyororo mizito ya kingamwili inapokaa, kilodaltoni 50 hivi, kingamwili ya kunasia na ya kuonyeshea zitoke kwa wanyama tofauti.

Jambo jingine linalowapoteza watu: TTP kuwa nyingi si sawa na TTP kufanya kazi. Yenye fosfati haivunjwi haraka, hivyo inalimbikana wakati ambapo ina nguvu kidogo. Ukiona mstari mnene, pima na uhai wa RNA ya TNF kabla ya kuandika chochote.

Kuhusu damu yenyewe nitasema kwa ufupi. Chukua kwenye chupa ya EDTA, ya kuzuia damu isigande, maana heparini, inayofanya kazi hiyohiyo, inakwamisha PCR, kipimo cha kupimia RNA. Ondoa seli nyekundu vizuri, hemoglobini nayo inakwamisha. Monosaiti zikishika plastiki zinaanza kuamka zenyewe, kwa hiyo kundi lisilopewa LPS lipitie mikono ileile na dakika zilezile. Neutrofili, seli nyeupe nyingine, zimejaa vimeng'enya vya kukata protini. Kama unataka kuona ukubwa wa protini tu, zichemshe moja kwa moja kwenye bafa ya jeli yenye SDS, sabuni kali.

Na ukiandika andiko la utafiti, omba fedha za TTP ambayo serini zake zimebadilishwa kuwa alanini, asidi amino isiyopokea fosfati, hata kama ni kwenye seli za kufuga tu. Mwaka 2015 walichapishwa panya ambao serini zao mbili za TTP zimegeuzwa hivyo. MK2 haina pa kubandika, TTP inafanya kazi muda wote, na panya hao hutoa TNF kidogo wakipewa LPS. Kabla ya kupanga bajeti ya kingamwili ghali, panga hilo.