Kabla hujasaini fomu ya kuondolewa titi

Fomu ya ridhaa niliyowekewa mezani ilikuwa karatasi moja, kopi ya kopi, herufi zimefifia. Daktari alishajaza siku ya upasuaji: Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Mkononi nilikuwa na majibu ya kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe kikapimwe, yaliyosema ni saratani, basi, hayakusema ya aina gani. Nikauliza, "Na baada ya hapo, daktari?" Akasema, "Mama, kwanza tuokoe maisha." Maneno kama hayo utayabishiaje?

Sikusaini. Wala sijisifu ujasiri: niliomba kwenda msalani nikalie kidogo, na nilipotoka miguu ikapitiliza mpaka kituo cha daladala. Nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka 19, na kila siku nawaambia watoto wasome swali lote kabla ya kuanza kukokotoa. Swali langu mwenyewe nilikuwa nimesoma mstari wa kwanza tu.

Wifi yangu ni muuguzi. Ndiye aliyenipeleka hospitali nyingine, na huko hawakuanza na kisu. Walikirudisha kile kinyama maabara kikapimwe vipokezi, yaani kujua kama uvimbe unalishwa na homoni za estrojeni na projesteroni, na kama una protini nyingi ya HER2. Nilisubiri siku 12. Wangu ulikuwa unalishwa na homoni, ndiyo maana mpaka leo nameza tamoksifeni, dawa ya kuzuia estrojeni, kila usiku. Na kwa kuwa uvimbe ulikuwa mkubwa na tezi za kwapani zilishaguswa, walipanga kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, itangulie. Upasuaji ulikuja miezi mitano baadaye.

Nisieleweke vibaya. Siku 12 za kusubiri majibu kamili si sawa na mwaka mzima wa kuzunguka. Shangazi yangu alipata uvimbe kama wangu, akaambiwa amerushiwa kitu, akanywa mizizi miezi minane. Tulimzika Muheza.

Watu wengi, hata wasomi, wanaamini ukikata titi lote umemaliza kazi. Hata mimi niliamini hivyo, mpaka daktari wa pili aliponisimulia habari za Milan, Italia. Huko daktari Umberto Veronesi na wenzake waliwafuatilia wanawake 701 waliokuwa na uvimbe usiozidi sentimita 2. Wengine waliondolewa titi lote, wengine wakaondolewa sehemu yenye uvimbe kisha wakapigwa mionzi. Matokeo ya miaka 20 yalichapishwa mwaka 2002, na makundi yote mawili yaliishi sawasawa. Kwa waliobakiza titi ugonjwa ulirudi palepale mara nyingi zaidi, ila hawakufa zaidi ya wenzao. Sharti lake ni mionzi. Kama huwezi kuhudhuria mionzi, liseme hilo mapema, kwa sababu linabadilisha hesabu yote.

Kwa hiyo muulize daktari wako: mimi nafaa kubakiza? Mimi sikufaa. Nilikuwa na vimbe mbili kwenye titi moja, ya kwanza juu karibu na kwapa, ya pili chini upande wa ndani, na ukizitoa zote mbili hakibaki kitu cha kuitwa titi. Nililia, lakini safari hii nilijua ninalilia nini.

Wapo pia watakaokushauri utoe na lile la pili lisilo na ugonjwa, "kama Angelina Jolie". Mwigizaji huyo wa filamu, aliyetoa matiti yote mawili, alipoeleza habari zake mwaka 2013 hakuwa na saratani. Alikuwa na hitilafu ya kurithi katika jeni ya BRCA1. Kama kwenu saratani ya matiti au ya ovari (vifuko vya mayai) inafuatana kwenye ukoo, mwambie daktari. Kama huna hitilafu ya kurithi ya namna hiyo, kukata titi lisilo na ugonjwa hakukuongezei miaka.

Sasa habari ya kutengenezewa titi jipya, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Kukata na kutengeneza ni maamuzi mawili. Yanaweza kufanyika siku moja, meza moja, lakini hayalazimiki. Mwingine hutengenezewa baada ya mwaka, mwingine baada ya miaka kumi. Hakuna aliyeniambia hilo mpaka nilipouliza mwenyewe. Mpaka hapo nilikuwa silali, nadhani nachagua kila kitu mara moja na sitarudi nyuma.

Njia zenyewe ni hizi. Kuna mfuko wa silikoni unaowekwa chini ya ngozi au chini ya msuli. Kuna nyama ya mgongoni, inayozungushwa na mishipa yake ya damu mpaka kifuani. Kuna nyama na mafuta ya tumboni. Hiyo ya tumbo kila mwanamke akiisikia anacheka, kwamba na kitambi kitaondoka. Nilicheka pia, mpaka nilipoelezwa saa ambazo mtu hukaa mezani, mishipa midogo ikiunganishwa kwa hadubini, na kovu linalotoka nyonga hii mpaka nyonga ile. Madaktari wa kazi hiyo kwetu si wengi, na gharama yake ulizia mapema pamoja na kama bima yako inagusa, usije ukayajua hayo ukiwa umeshavua nguo.

Mimi nilikuwa naenda kwenye mionzi, vikao 15 pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, na hilo lilibadilisha mambo. Mwili hujenga utando kuuzunguka mfuko wa silikoni, na mionzi huongeza uwezekano wa utando huo kukaza mpaka titi likawa gumu na kuuma. Ndiyo sababu wengi wetu wa mionzi tunashauriwa kusubiri, au kutumia nyama ya mwili wenyewe. Isitoshe, mfuko si wa maisha. Huenda ukahitaji kubadilishwa. Na kuna jambo lililonishtua kuliko bei. Mimi nilidhani nitarudishiwa titi. Kumbe ni umbo lake, na kwa kawaida hisia ama hazirudi, ama zinarudi kidogo sana. Unaweza kulimwagia chai ya moto usijue.

Nilichagua kubaki bapa. Mwenzangu wa kitanda cha pembeni, mama wa miaka 36 anayeuza vitenge Kariakoo, yeye alitengenezewa kwa nyama ya mgongo mwaka mmoja na nusu baadaye, na ukimwona ametulia. Kabla ya hapo alikuwa anaoga gizani ili asijione. Hiyo ni sababu tosha. Wapo waliomwambia ni majivuno, ashukuru yu hai. Hao wangenyamaza tu.

Lakini kubaki bapa nako ni kazi ya mikono ya daktari, kwa hiyo kuseme. Mwambie kabla ya siku yenyewe: naomba kifua kiwe bapa, kovu lililonyooka, ngozi ya akiba isiachwe. Usiposema, anaweza kukuachia ngozi ya ziada kwa nia njema, akidhani siku moja utarudi kutengenezewa. Mimi nilisema ya mbele nikasahau ya kwapani, na sasa nina kinyama hapo kama sikio la mbuzi, kinasugua sidiria siku za joto. Na Dar siku za joto ndizo siku zote.

Utatoka wodini na mrija ubavuni, unaotoa maji ya kidonda na kuishia kwenye chupa. Mume wangu anafanya kazi sheli, ni mtu wa kusoma mita. Asubuhi na jioni alipiga goti mbele yangu, akaiweka chupa usawa wa macho, kisha jumla ya siku akaiandika kwenye daftari: 110, 85, 70. Ilipoteremka chini ya mililita 30 kwa siku mbili mfululizo, mrija ukatolewa. Kuhusu titi lenyewe hatukuweza kuongea. Tuliongea mililita.

Mkono usiupuuze. Ukiondolewa tezi za kwapani mkono unaweza kuvimba, hata baada ya miaka, na bega linaweza kukaza. Mtaalamu wa mazoezi alinifundisha kusimama mbele ya ukuta, vidole vikipanda kama buibui. Kila siku niliweka alama ya chaki pale vilipofika. Wiki ya kwanza alama zilirundikana sehemu moja, nikakata tamaa. Wiki ya sita nilifika kona ya juu ya ubao darasani, pale ninapoandikaga tarehe.

Limebaki la nguo. Titi moja likibaki, na kama ni kubwa, utakuta unatembea umeinamia upande na mgongo unauma, kwa hiyo kitu cha kujazia kinatakiwa kiwe na uzito. Pamba na sponji havina. Sidiria inapanda juu. Ya silikoni ipo, bei yake ilinishinda. Nikafanya hesabu. Nilijaza beseni maji mpaka ukingoni, nikaliweka juu ya sinia, nikainama nikazamisha titi lililobaki, kisha nikapima maji yaliyomwagika: mililita 480, yaani karibu nusu kilo. Nikaenda dukani kwa Mangi nikaomba choroko nusu kilo. Akaniuliza kama napika na nazi. Fundi alinishonea mfuko wa pamba wenye umbo, na mwingine ndani ya sidiria wa kuutumbukiza.

Ulikaa vizuri sana. Kosa langu ni kwamba Jumamosi moja niliufua na choroko zake ndani, nikauanika kivulini. Jumatatu alfajiri, nikiwa nimeshachelewa kipindi cha kwanza, niliuchukua kambani nikaona vimea vyeupe vinachungulia kwenye mshono. Siku hiyo nilifundisha sehemu na desimali nikiwa na soksi mbili za mume wangu kifuani. Siku hizi nafua mfuko mtupu.