Kabla hujaingia kamati ya ulinzi ya mtaa

Dada zangu mnaoniuliza namna ya kuingia kamati ya ulinzi ya mtaa: kuingia siku hizi si kazi. Mwenyekiti mwenyewe atakutafuta, anataka majina ya kike kwenye orodha yake. Kazi ni kusikilizwa.

Huku kwetu Temeke ajenda ni zilezile: wizi wa pikipiki, vijana wa vijiweni, michango ya ulinzi shirikishi. Mama anayetoka saa kumi alfajiri kuwahi samaki Feri hatajwi, wakati anapita uchochoro usio na taa na walinzi wameshakwenda kulala. Mimi nilianzia hapo. Niliomba ratiba ya doria, nikaandika pembeni saa ambazo wanawake wa mtaa hutoka na kurudi, nikaipitisha mezani. Wazee waliokuwa wamejiandaa kubishana kuhusu usawa wakajikuta wanajadili saa za doria. Nendeni na karatasi.

Kikiitishwa kikao saa moja usiku, ombeni kihamie Jumamosi alasiri. Saa moja wengi wetu tuko jikoni. Na mkichaguliwa ukatibu msikatae. Najua wanaharakati wengine watanipinga, wanasema hiyo ndiyo kazi tunayosukumiwa kila siku. Lakini nimeshakuta hoja nzima ya mama imeandikwa kwenye muhtasari “mjumbe mmoja alichangia”, basi. Heri kalamu ishikwe na sisi.

Akitokea wa kusema ulinzi ni mambo ya wanaume, wengi hukimbilia Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, amani na usalama, la Oktoba 2000. Ni zuri, ila mtaani linasikika kama habari za vita vya mbali. Mimi hutumia Itifaki ya Maputo ya 2003, mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ambayo Tanzania iliiridhia 2007. Kifungu cha 10 kinataka wanawake washiriki kuzuia na kutatua migogoro hadi ngazi za chini. Atakayejibu kwamba Amiri Jeshi Mkuu ni mwanamke tangu 2021, mwulizeni doria ya mtaa wake inapangwa na nani.

Jambo moja msikubali kabisa: kesi ya mke kupigwa kumalizwa kikaoni kwa faini na kupeana mikono. Msindikizeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, apewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, aende hospitali siku hiyohiyo. Kamati itanuna. Mwacheni mwenyekiti anune, nyinyi tafuteni bajaji.