Mozart wenu hajui piano? Mbona inawezekana

Dada, umesema kikundi chenu cha kujitolea hapo Uingereza mnaandaa Amadeus, ile tamthilia ya Peter Shaffer kuhusu watunzi wa muziki Mozart na Salieri, na aliyepewa nafasi ya Mozart hajawahi kugusa piano, sasa unaogopa. Usihangaike. Igeuzeni piano vidole visionekane, afu spika ndogo muifiche humohumo ndani, maana muziki ukitokea juu ya ukumbi huku jamaa yuko kule anajifanya anapiga watu watacheka tu.

Kazi kubwa ni mabega na pumzi. Aangalie video za wapiga piano, aone wanavyovuta pumzi kabla ya kuanza, na aukariri muziki wote kichwani hasa pale anapouchukua wimbo wa Salieri wa kumkaribisha na kuuchezea papo hapo mpaka mwenyewe anafedheheka, hapo akichelewa hata kidogo mmeumbuka. Violin ni rahisi zaidi, tafuteni upinde ambao haujapakwa ule utomvu wake, unateleza kwenye nyuzi na sauti hautoi ya maana.

Ishu ya hela sasa. Mozart kafa 1791 kwahiyo tungo zake ni bure, ila rekodi zina wenyewe na tamthilia nayo ina haki zake, ombeni leseni kabla ya kuchapa mabango.

Na kwenye kijitabu cha onyesho andikeni kwamba, licha ya tamthilia kumhusisha Salieri na kifo cha Mozart, hakuna ushahidi alimuua, tena huyohuyo alimfundisha mtoto wa Mozart muziki, maana kuna watu wataondoka wanaamini kila kitu.