Tulipopwelewa njia ya Takwa

Swali lenu la wiki hii, "Msukumo wa kuchora unaupata wapi, na unautulizaje moyo kabla ya kushika kalamu?", limenikuta na mkono wa bibi arusi mapajani. Kazi yangu ni kupaka hina na piko, ile rangi nyeusi ya ngozi, hapa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni, na huu ni mwaka wa 16. Jibu naliandika usiku, vidole bado vyeusi.

Nisiwadanganye, mimi moyo sikuutuliza. Nilitulizwa na maji.

Tulikwenda Takwa, kisiwani Manda, kutazama magofu, mimi na binamu zangu. Aijuaye njia ile ajua kwamba mkono wa bahari upita katikati ya mikoko, na mashua haiingii wala haitoki ila maji yakijaa. Tukachelewa kwa ajili ya sambusa, sitaji za nani. Tulipogeuza, maji yalikuwa yashakimbia. Mashua ikagusa tope, ikalala ubavu. Nahodha akakunja tanga, akajifunika kikoi usoni. "Tumepwelewa," akasema. "Laleni."

Bahari ikijaa, mpaka ijae tena ni saa 12 na dakika 25 hivi. Pigeni hesabu wenyewe.

Nilianza kwa kupigana na simu. Ilipozima nikabaki na daftari la wateja wangu, ukurasa wa nyuma mtupu, na kalamu ya wino. Nikachora ua. Nikachora jingine. Ndipo nikajiona kichekesho: nimezungukwa na miti pande zote, nami nachora maua ambayo hayajaota popote duniani, yale yale nipakayo viganjani mwa wasichana tangu shangazi aliponifunza. Mkono wangu hauna wasiwasi, maana piko ikishagusa ngozi haina kufuta, na wino ni vivyo hivyo. Mkono ulikuwa tayari zamani. Macho ndiyo yalikuwa bado.

Nikatazama topeni. Mizizi ya mchu, mmoja wa miti ya mikoko, yasimama wima kama vijiti vilivyochomekwa, mamia, kila mmoja watafuta hewa, kwa sababu tope lile halina pumzi ndani. Mkoko wenyewe si hivyo: mizizi yake yajipinda kutoka shinani kama miguu ya mtu aliyepanda ngazi akasahau kushuka. Jani la mchu nililiramba, lina chumvi kweli. Mti waitoa kwa majani. Nyinyi mlio mbali mwaweza kudhani mikoko ni mti mmoja. Hapa kwetu mkata boriti akikuchanganyia mkoko na mkandaa utamrudishia.

Kisha kaa wakatoka. Ni wale wadogo, dume ana gando moja kubwa karibu lishinde mwili, wengine kulia, wengine kushoto, alipunga kama aitaye abiria. Nikanyosha mkono kuchora, wote wakaingia mashimoni. Nikatulia. Baada ya muda wakarudi, mmoja kwanza, kisha watano, kisha tope lote likawa lapunga. Nikapiga chafya, tope likawa tupu. Basi nikakaa kama gogo, nikisogeza vidole tu. Mpaka maji yalipoinua mashua nilikuwa na kaa mmoja na mizizi 11. Wala sikuwa nimejua kwamba jua limegeuka.

Tangu siku ile njia yangu ni hiyo. Wageni wajao Shela kwa yoga huambiwa wafumbe macho na kusikiliza pumzi. Sina ugomvi nao, lakini mimi nikifumba macho naona madeni. Mimi huenda kwenye mikoko ya nyuma ya Wiyoni, siku za bamvua hasa, maji yakitoka mbali. Saa maalumu sina, kwani kupwa husogea mbele dakika 50 hivi kila siku. Wiki hii asubuhi, wiki ijayo nitalazimika kuacha chungu jikoni. Nikifika nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kalamu haitoki mfukoni mpaka kaa watoke.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Nibu ni nzuri kwa mistari ya gome, lakini kwa mizizi napenda tete nililolichonga mwenyewe, ncha imekatwa mshazari, kwani mstari wake hunenepa na kukonda wenyewe mkono ukigeuka. Si ugunduzi wangu: kule Siyu, kisiwani Pate, misahafu iliandikwa kwa mkono, kwa kalamu za namna hii, miaka na miaka. Karatasi ya daftari la shule achaneni nayo, wino hutambaa. Na tope, ingawa ni jeusi, msilipake wino. Liacheni jeupe, chora vivuli vya mizizi tu. Lile jeupe ndilo maji yanayong'aa.

Mara moja nilijaribu wino wa ngisi, maana nilisikia wachoraji wa Ulaya waliutumia zamani. Nikaomba vifuko kwa muuza samaki, nikachuja kwa kitambaa. Rangi yake ni ya kahawia ya kupendeza mno. Nikauacha mchoro barazani ukauke, na wenye kuijua Amu na paka wake washaelewa. Nilikuta karatasi imerambwa hadi imetoboka.

Juzi bibi arusi mmoja alifunua daftari langu akiniongojea, akataka mizizi ya mchu kuanzia kifundo cha mguu hadi vidoleni. Mamake akaruka. "Mwanangu aolewa, hazami topeni!" Tukarudi kwenye maua. Lakini mama alipokwenda kupokea wageni, msichana akaninyoshea mguu bila kusema neno, nami nikamwekea kaa mmoja chini ya wayo, mdogo kama punje ya mchele. Gando kubwa nililiweka kushoto.