Kihisi cha upitishaji joto kwenye gesi ya boila: kimoja hakitoshi

Mkuu, umeuliza kama kihisi kimoja cha upitishaji joto, kikifungwa kwenye bomba la gesi asilia la boila yenu hapo Chang'ombe, kinatosha kujua ubora wa gesi bila kununua kromatografu, mashine inayotenganisha gesi na kupima kila moja. Hakitoshi, tena kinaweza kukudanganya huku namba zikionekana nzuri.

Kwenye nyuzi 25 hivi, methani hupitisha joto miliwati 34 kwa mita kwa kelvini, propani 18, kaboni dayoksaidi 17. Ukitia asilimia 5 ya propani kwenye methani kipimo kinashuka; ukitia asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi kinashuka karibu vilevile. Ila thamani ya joto (nishati inayotoka gesi ikiungua) ya methani, megajuli 37.7 kwa mita ya ujazo, kwa propani inapanda hadi 40.5 na kwa kaboni dayoksaidi inashuka hadi 35.8. Kihisi hicho kikikabidhiwa udhibiti wa hewa ya kichomeo na kila anguko kikalisoma kama gesi dhaifu, siku ya propani kitapunguza hewa na utavuna masizi. Kupima msongamano nako hakusaidii, maana molekuli za gesi hizo mbili zina uzito uleule, 44.

Kinachozitenganisha ni uwezo wa kubeba joto: kwa moli moja kwa kelvini, methani juli 36, kaboni dayoksaidi 37, propani 74. Kwa hiyo tafuta chipu inayopasha gesi kwa mapigo mafupi. Joto likishatulia unasoma upitishaji. Kasi ya joto hilo kupanda inakupa uwezo wa kubeba. Nitrojeni ikiwamo kwenye gesi hushusha vyote viwili.

Kwa kichomeo angalia zaidi namba ya Wobbe, kipimo cha joto ambalo gesi hupeleka kwenye kichomeo kwa presha ileile, yaani thamani ya joto gawanya kwa kipeuo cha pili cha msongamano ukilinganishwa na hewa. Methani tupu ni kama 50.6. Ile asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi inaiangusha hadi 46 hivi, karibu mara mbili ya anguko la thamani ya joto yenyewe.

Kufunga: shusha presha hadi karibu na ya hewa, weka chujio la mafuta na vumbi, na gesi iingie kwenye chemba kwa kusambaa yenyewe, isipulize chipu. Chemba iwe na kipashio cha kuishikilia kwenye nyuzi 60. Ukiweka 40, sanduku la chuma likipigwa na jua la Dar linapita hapo na kipashio hakina uwezo wa kupoza. Namba zinayumba kila mchana.

Kalibresheni: hakiki kihisi kwa gesi zinazojulikana, yaani nitrojeni, methani safi, halafu mtungi wa mchanganyiko wenye propani na cheti. Usiuruke huo wa tatu, gesi safi mbili haziwezi kufichua kosa la mchanganyiko.

Toa gesi nje kwa mpira mrefu mwembamba. Boila ikizimwa usiku na kiasi cha "nitrojeni" ambacho kihisi kinaonyesha kikaanza kupanda, hiyo ni hewa inayorudi kupitia mpira. Inapitisha joto karibu sawa na nitrojeni. Weka valvu isiyorudisha, kisha paka viungo vya bomba maji ya sabuni uone kama vinavuja.